Hapa ni Dawida

Mideva hakuwa mtu wa kuogopa upepo. Alizaliwa Voi, mji ambao vumbi huingia ndani bila kubisha hodi na kulala kwenye sufuria, na wazazi wake, waliotoka Vihiga kuja kufanya kazi ya reli, walimfundisha tangu utotoni kufunga dirisha la upande wa barabara kuu na kuendelea na shughuli zake. Ukimwambia leo kuna upepo, atakuuliza jana kulikuwa na nini.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, bango la kampuni lilipokuwa likijipigapiga ukutani nje ya ofisi, yeye hakuinua hata macho. Kampuni ni ya Vincent, na kazi yake ni kusimamisha vivuli: vivuli vya magari, vya mikahawa ya kando ya barabara, vya makanisa ambayo waumini wamezidi nafasi ya ndani. Nguzo za chuma, simiti chini, neti ngumu imevutwa juu, basi. Karakana iko nyuma na ofisi iko mbele, na katikati, kwa miaka mingi, palikuwa na vurugu tupu.

Mteja alikuwa akiagiza kivuli, anaambiwa angoje fundi aje kupima. Fundi mwenyewe ni Sylus, Mkamba mrefu asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Sylus akifika kwa mteja anakunywa chai. Anazunguka kiwanja. Anapiga udongo teke, anasimama kutazama mbali kama mtu aliyesahau alichokujia, kisha anarudi Voi na kipande cha boksi la misumari alichoandikia vipimo ambavyo karakana nzima haiwezi kuvisoma. Kabla hawajakisoma, mteja mwingine amepiga simu kutukana. Aliyeagiza kivuli cha harusi alikipata mke akiwa amekwisha kujifungua.

Aliyeimaliza vurugu hiyo ni Mideva. Aliajiriwa kupokea simu tu, lakini ni mtu ambaye akiona uzi umejifunga hawezi kukaa bila kuufungua. Akabuni utaratibu, akauita Moja kwa Moja. Mteja anapiga simu, Mideva anamwuliza maswali, mteja anatuma picha ya mahali na upana anaotaka. Mideva anatafuta jina la mahali kwenye ramani ya simu, kisha anachagua moja kati ya aina mbili. Kuna Kivuli cha Nyika, cha nguzo nyembamba na mashimo mafupi, kinachofaa huku chini tambarare. Na kuna Kivuli cha Mlima, cha nguzo nene, mashimo marefu na nyaya za kukivuta kila pembe. Oda inaingia kwenye grupu ya WhatsApp, karakana inakata chuma, mafundi wanakwenda kusimamisha. Hakuna chai wala kutazama mbali.

Na tuseme ukweli, mambo yalinyooka. Wateja waliacha kutukana. Vincent alimpandisha Mideva cheo kwa mdomo, mbele ya watu, na kwa mdomo kikabaki. Sheria ya utaratibu wenyewe ilikuwa moja tu: fundi habadilishi kitu. Wiki za mwanzo Sylus aliuliza maswali mengi kwenye grupu, mbona hivi, mbona vile, mpaka siku moja Mideva akamjibu mbele ya wote, "Sylus, kama unataka kazi ya ofisi njoo ukalie kiti changu. Fuata oda." Grupu nzima ikacheka. Sylus naye akaweka kikatuni cha kucheka, na kuanzia siku hiyo maswali yakapungua. Mideva aliona huo nao ni ushindi.

Sasa, simu ilipolia asubuhi hiyo, alikuwa ametoka tu kumwekea Sylus dole gumba. Sylus na wenzake walikuwa Mboghoni, upande wa Taveta, wanasimamisha kivuli cha kupangia ndizi, na alikuwa ameandika, "Madam, udongo wa huku unakunywa." Mideva hakuelewa, wala hakujishughulisha kuelewa. Sylus ana maneno yake. Akaweka dole gumba, akapokea simu.

"Haloo, ni Mwalimu Jemimah wa Mghange. Yule wa watoto."

Mideva alimkumbuka kwa sauti, maana wateja wake siku hizi aliwajua kwa sauti tu. Jemimah alikuwa na shule ndogo ya chekechea nyumbani kwake. Darasa lake la mabati lilikuwa likigeuka tanuri jua likipanda, akaagiza kivuli ili watoto wapate pa kulia chakula na pa kulala mchana.

"Mwalimu, habari ya huko? Kivuli kinaendeleaje?"

"Ndiyo nimepiga kushukuru. Kizuri sana. Watoto wanakipenda, kinaimba."

"Kinaimba?"

"Upepo ukipita kinaimba, mmm, mmm, hivi. Na wao wanakijibu." Akacheka. "Ila tu nguzo moja, ile ya upande wa bonde, inainukainuka. Si sana. Nimeweka mawe pale chini. Na wakilala mchana nawalaza upande huohuo, wapate kuikandamiza kwa uzito wao."

Mideva aliacha kuandika. "Bonde gani, mwalimu? Huko si tambarare?"

"Tambarare iko wapi, mama? Huku ni Dawida. Ukisimama mlangoni kwangu unaona mawingu yakipita chini yako."

"Si uko Mghange Nyika?"

"Nyika ni kule kwingine. Sisi ni Mghange Dawida. Hata fundi wako ali..."

Simu ikakatika.

Alipiga tena. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kwa adabu zake zote kwamba nambari hiyo haipatikani. Akapiga tena, akaambiwa vilevile. Na hapo, akiwa na simu sikioni, neno moja likaanza kumrudia Mideva kutoka wiki iliyopita.

Inabidi nieleze Kiswahili cha Sylus. Sylus hudondosha viambishi njiani kama gari bovu linavyodondosha nati. Kwake yeye Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, ni Dawida, Wadawida ni Dawida, milima yao ni Dawida, na lugha yao pia ni Dawida. Na ana utani wake wa siku nyingi nao, kwamba ukienda kufanya kazi kwao hawakuachi uondoke na njaa. Siku moja upande wa Mwatate aliandika kwenye grupu, "Madam tutachelewa, hapa ni Dawida," na chini yake akaweka picha ya sinia la kimanga, ule mseto wao wa mihogo na maharagwe, lililowashinda watu wazima. Mideva alicheka siku ile mpaka machozi.

Kwa hiyo wiki iliyopita, Sylus alipofika kwa Mwalimu Jemimah na kuandika, "Madam, hapa ni Dawida," Mideva hakufikiria mara mbili. Aliona sinia. Aliona watu wake wameketi, mikono imeoshwa, kazi imelala. Akajibu papo hapo.

Sasa aliifungua grupu, akapandisha juu, juu, mpaka akayakuta. Madam, hapa ni Dawida. Na chini yake, kwa jina lake yeye, pamoja na vikatuni vya kucheka: Hata kama ni Dawida, fuata oda.

Kumbe Sylus alikuwa akitaja mahali, si sinia. Alikumbuka jinsi alivyoandika Mghange kwenye ramani, na ramani ikamletea Mghange Nyika kwanza, naye akaona neno nyika akaridhika, maana picha ya mwalimu ilionyesha uwanja tu. Nyika ni nyika. Akachagua nguzo nyembamba na mashimo mafupi. Na sasa nguzo hizo zilikuwa zimesimama kwenye ukingo wa mlima, na chini ya ile iliyolegea wanalazwa watoto iwe nzito.

Nje bango lilijipiga ukutani. Safari hii alilisikia.

Akampigia Sylus. Iliita mpaka ikachoka. Sylus akiwa kazini huiacha simu kwenye mfuko wa koti, na koti huliacha garini. Akatafuta mtu mwingine wa kumpigia huko Mghange, jirani, mwenye duka, mzee wa mtaa, mtu yeyote. Hakuwa naye. Zamani Sylus alikuwa akirudi na majina ya kijiji kizima kutokana na ile chai yake. Moja kwa Moja ilikuwa na nambari moja ya mteja, na nambari hiyo haipatikani.

Vincent alikuwa kaunta akimwonyesha mtu rangi za neti. Mideva alisimama mbele yake. Alitaka kusema, nimekosea, kivuli kinaweza kuwaangukia watoto. Kilichotoka ni kingine.

"Naenda Mghange mara moja. Na Wesley. Kumwona mteja."

"Si ulisema hatuendi tena kwa wateja?" Vincent alimtania, akamgeukia mgeni wake. "Huyu ndiye aliyetufundisha kazi."

Mideva akatabasamu. Mimi sijui alilitoa wapi tabasamu hilo, lakini alitabasamu, kisha akatoka mbio.

Wesley, dereva, alikuwa anafunga mabomba ya nguzo kwenye pikapu. Ni Mtaita wa Mwatate, mtu wa maneno mengi, na Mideva alimwambia tu washushe yale mabomba na waende, wapitie Wundanyi, na aendeshe haraka. Wesley alimtazama usoni, akayashusha bila kuuliza.

Mpaka Mwatate barabara ni nzuri, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, maana Mideva hakuwa na la kufanya ila kufikiria. Mashamba ya mkonge yalipita pande zote mbili. Aliitazama miti ya kando ya barabara kuona kama inapinda. Ilikuwa inapinda. Akajiambia ni mwendo wa gari. Akapiga simu, haipatikani, akapiga tena. Akaanza kuhesabu watoto ambao hajawahi kuwaona na kuwapa sura za watoto wa dada yake, kisha akajuta kuwapa sura hizo.

Na palepale, katikati ya hofu yake kwa ajili ya watoto, ikaingia hofu nyingine, ndogo, ya aibu. Ikamwambia: yale maneno yapo. Likitokea la kutokea, polisi watakuja, watachukua simu, watasoma. Hata kama ni Dawida. Watasoma na vile vikatuni.

Alifungua grupu, akabonyeza maneno yake kwa muda mrefu, akachagua kufuta. Simu ikampa chaguo moja tu, futa kwangu. Siku zilikuwa zimepita za kufuta kwa kila mtu. Angeweza kuyaondoa kwenye simu yake na yakabaki kwenye simu za wengine wote, angekuwa ameyaficha kwa mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Aliitazama skrini mpaka ikazima. Alijichukia kwa kitendo hicho kuliko alivyojichukia kwa kosa lenyewe, na nadhani alikuwa na haki.

"Madam," Wesley alisema, "kuna mtu amefariki?"

"Bado," Mideva akajibu, kisha akasikia alichokisema. Akamweleza yote. Alimweleza akitazama mbele, haraka haraka, bila kujipamba.

Wesley aliongeza mwendo. "Ile Mghange ya juu," akasema. "Mama yangu anatoka huko. Huko ukianika nguo bila kibanio, unaitafuta kwa jirani." Akabadilisha gia. Hakusema tena neno la mzaha mpaka juu.

Baada ya Mwatate barabara ilianza kupanda na kujikunja. Kila kona Mideva alijikuta ameshika mlango. Joto la Voi likabaki chini, hewa ikapoa, na kwenye dirisha pakaanza kupita sauti ya filimbi ambayo huko chini haikuwapo. Wundanyi hawakusimama. Lami ikaisha, pikapu ikaingia kwenye barabara nyembamba yenye migomba upande mmoja na shimo la bonde upande wa pili. Migomba ilikuwa imechanwa majani yote mpaka yakawa nyuzinyuzi, na Wesley alipoona anaiangalia, akasema kwa upole, "Huwa hivyo kila mwaka." Hayo yalimtisha zaidi.

Simu ikaita. Mideva nusura aitupe. Ilikuwa ni Vincent. Hakupokea.

Walimwuliza mama mmoja aliyebeba kuni, nyumbani kwa Mwalimu Jemimah ni wapi, akawaonyesha kwa kidevu, kule juu, pale penye kitu cha kijani. Mideva aliinua macho. Kwenye ukingo, mahali ambapo mlima unakwisha na anga inaanza, neti ya kijani ilikuwa inafura na kunywea, inafura na kunywea. Bado ilikuwa imesimama. Alitaka kumshukuru Mungu, akaogopa kwamba ni mapema mno.

Gari halikufika juu. Alishuka akapanda kwa miguu, viatu vya ofisini mkononi. Alitega sikio asikie watoto. Shule ya chekechea unaisikia kabla hujaiona, kila mtu anajua. Hakusikia sauti ya mtoto hata mmoja. Alisikia tu ule wimbo, mmm, mmm, mzito, wa kifuani, unapanda upepo ukipanda. Akapiga moyo konde, akaingia uani.

Mwanamke mnene mwenye leso kiunoni aligeuka, akaweka kidole mdomoni.

"Sss," Mwalimu Jemimah akanong'ona, akitabasamu. "Wamelala sasa hivi."

Walikuwa wamelala kweli. Darasa zima, kwenye mikeka, wamejibana pamoja chini ya nguzo ya upande wa bonde, viatu vyao vimepangwa pembeni. Wengine walikuwa wamefunikwa kanga moja watatu watatu. Na juu ya vichwa vyao nguzo ilikuwa inapumua. Upepo ulipovuta neti, nguzo ilipanda, na udongo mwekundu ukapasuka kuizunguka, ukaonyesha simiti yake iliyokuwa chini. Upepo ulipolegea, ikashuka mahali pake na kutoa kishindo kidogo, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuwaamsha wenzake. Mawe ya mwalimu yalikuwa yamekwisha kuviringika kando.

Mideva alitaka kupiga kelele. Akajizuia, kwa sababu aliona kitakachotokea: wataamka, watasimama, watakimbia kila upande, na mmoja atashika nguzo. Akamsogelea Jemimah mpaka wakagusana mabega.

"Mwalimu, mimi ni Mideva wa ofisi. Tuwatoe hapa."

"Kwa nini? Wamelala tu saa..."

"Tafadhali. Mmoja mmoja. Tuwabebe wakiwa wamelala."

Jemimah alimtazama, akatazama nguzo, na Mideva akaona hofu ikimhamia mwenzake bila neno lingine. Jemimah alivua kandambili, Mideva akaweka viatu vyake chini. Mideva alianza na wale waliokuwa wameegemea nguzo yenyewe. Aliingiza mikono chini ya mtoto wa kwanza, msichana aliyenuka uji na moshi, akamwinua akiwa amebana pumzi. Juu neti ilifura. Kishindo. Alimpitisha mlangoni, akamlaza kwenye sakafu ya darasa lile la joto, akarudi. Wesley alikuwa amefika, naye akaingia kazini bila kuambiwa, akibeba mmoja kila bega. Walipishana mlangoni wakiwa kimya kama watu wa msibani. Mtoto mmoja alifumbua macho mikononi mwa Mideva, akamwuliza kitu kwa Kidawida. Mideva hakukielewa. "Ndiyo," akamjibu, "ndiyo, lala," na mtoto akalala.

Kila alipoinama chini ya ile neti mgongo wake wote ulikuwa unangoja. Aliogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa, akaendelea kuogopa hivyo hivyo huku akibeba. Mwisho wakabaki wawili waliolala wamekumbatiana, wasioachana. Jemimah akawabeba wote wawili kwa mpigo, kwa nguvu ambazo baadaye alisema hajui zilitoka wapi.

Alikuwa ameshapita kizingiti upepo ulipokuja. Wesley anasema waliusikia kwanza bondeni, ukipanda. Neti ilijaa, wimbo ukageuka mlio, na ile nguzo ikang'oka na kupanda juu na donge lake lote la simiti. Ikabembea mara moja hewani, karibu na ardhi, juu ya mikeka, kwa urefu wa mtoto aliyeketi. Kisha kivuli kizima kikalala ubavu, kikaburura mikeka na kanga mpaka kwenye ua wa mikaratusi, kikanasa hapo kikipigapiga. Viatu vidogo vilitawanyika uwanja mzima.

Ndani watoto waliamka wote kwa pamoja wakaanza kulia. Kwa Mideva haikuwahi kutokea sauti nzuri kuliko ile. Akaketi kizingitini.

Jemimah aliwahesabu watoto. Akawahesabu tena akiwagusa vichwa. Alipotoka nje, hakuwa tena na lile tabasamu.

"Mwalimu," Mideva akasema, "kosa ni langu. Niliagiza kivuli cha nyika. Sikujua Mghange ni mbili."

Jemimah alifunga leso upya. "Fundi wako alijua," akasema. "Alisimama pale ulipo, akatazama bonde, akaniambia mama, hizi nguzo ni nyembamba kwa hapa. Nikamwuliza, basi si ubadilishe? Akaandika kwenye simu. Halafu akaniambia ofisi imesema tufuate oda." Akamtazama Mideva kuanzia miguu mitupu mpaka usoni. "Nikanyamaza. Nilidhani ofisi ni watu wengi wameketi wamefikiria. Kumbe ni wewe peke yako."

Mideva akainama, akaanza kuokota viatu na kuvipanga viwili viwili ukutani, maana hicho ndicho alichoweza kufanya kwa wakati huo. Baadhi havikuwa na vyenzake.

Akiwa ameinama hivyo, kiatu kimoja mkononi, akakumbuka. Udongo wa huku unakunywa. Na dole gumba lake.

Hofu ambayo alidhani imekwisha ikamrudia nzima. Alikimbia hadi nyuma ya jiko, ambako Jemimah alimwambia mtandao hupatikana, akapanda juu ya jiwe na kupiga. Safari hii Sylus alipokea. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na maji yakipita.

"Madam."

"Sylus, uliandika udongo unakunywa. Unakunywa nini?"

Kimya. Kirefu mpaka akadhani mtandao umekwenda.

"Sylus?"

"Niko, madam." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ya mtu mrefu vile. "Tunafuata oda. Tumeshachimba ya kwanza. Hakuna shida."

"Sikuulizi oda. Nakuuliza udongo."

Kisha Sylus, mtu aliyemzidi umri, aliyesimamisha vivuli Mideva akiwa bado anavaa sare za shule, akauliza taratibu, "Madam, nikisema hutanikasirikia?"

Mideva akafumba macho. Siku nzima alikuwa ameogopa, tangu Voi mpaka juu ya jiwe hili, na kila dakika ya hofu hiyo ilimwuma. Na kumbe mtu huyu alikuwa ameibeba ya kwake miezi yote hii, kila alipoifungua simu kumwandikia. Moja kwa Moja ilikuwa ikienda kwa kasi kwa sababu watu walikuwa wakimwogopa.

"Sitakukasirikia, kaka Sylus. Sema."

Sylus akakohoa. Akaanza pole pole, kuhusu mfereji wa kumwagilia unaopita karibu na shimo, na jinsi maji yanavyoingia chini kwa chini, na jinsi simiti haitashika. Akaeleza alichokiona alipopiga udongo teke. Mideva hakumkatiza. Alisimama juu ya jiwe miguu mitupu, upepo ukimvuta sketi, kile kiatu kidogo bado mkononi, akisikiliza.

Katikati ya maneno mtandao ukakatika. Akapiga tena.